Siri ya Mgonjwa na Mitandao ya Kijamii: Sheria Inasema Nini kwa Mhudumu wa Afya na kwako Mkazi

Karibu kila mhudumu wa afya katika kaunti yetu, kuanzia daktari wa upasuaji hadi mhudumu wa afya wa jamii anayekutembelea nyumbani, leo ana simu yenye kamera na yumo katika vikundi kadhaa vya WhatsApp. Simu hiyo inasaidia kazi. Muuguzi wa zahanati ya mashambani huitumia kumwomba daktari ushauri usiku wa manane, kuarifu ghala kwamba chanjo zimeisha, na kumkumbusha mama mjamzito tarehe yake ya kliniki. Lakini simu hiyo hiyo inaweza kulitoa nje ya chumba cha daktari jambo ambalo ulimwambia yeye peke yake.

Tumeandika makala haya kwa sababu wahudumu wengi bado wanaamini kwamba mradi hawajataja jina la mgonjwa, hawajakosea. Wakazi nao, wengi wao, hawajui kwamba wana mahali pa kupeleka malalamiko siri yao inapotolewa.

Tuanze na hilo la jina. Chukua mfano huu. Muuguzi amemaliza zamu ya usiku ambapo mama mmoja alijifungua watoto watatu salama. Kwa furaha ya kweli anaandika kwenye stetasi yake: mama wa miaka 19 kutoka ng'ambo ya mto amejifungua watatu, wote wamepewa dawa ya kinga, Mungu ni mkubwa. Hakuna jina. Hakuna picha. Katika jiji kubwa huenda maneno hayo yasimtambulishe mtu yeyote. Lakini kituo cha afya kinachohudumia vijiji vinne si jiji. Kabla ya saa nne asubuhi soko zima linajua mama huyo ni nani, na wenye kuelewa mambo ya hospitali wameshajiuliza hiyo dawa ya kinga ni ya nini. Maneno matatu yameeleza kuhusu afya ya mama huyo jambo ambalo pengine hata mumewe hajaambiwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaliona jambo hili waziwazi. Data ya kibinafsi, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni habari yoyote inayohusu mtu anayetambulika au anayeweza kutambulika. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Umri, kijiji, siku ya kulazwa na aina ya ugonjwa vikikusanywa pamoja humtaja mtu kama vile kitambulisho chake. Sheria hiyo pia inaiweka habari ya afya katika kundi la data nyeti, inayohitaji ulinzi zaidi ya habari za kawaida.

Sheria hiyo haisimami peke yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya habari za familia yake na mambo yake ya kibinafsi kutofichuliwa bila sababu. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu. Halafu kuna Sheria ya Afya ya 2017, ambayo kifungu chake cha 11 kinapaswa kubandikwa katika kila chumba cha wauguzi. Kinasema kwamba habari kuhusu hali ya afya ya mtu, matibabu yake, na hata kukaa kwake katika kituo cha afya, ni siri. Soma tena hilo la mwisho. Si ugonjwa peke yake. Hata ule ukweli kwamba fulani amelazwa ni siri yake. Mhudumu anayeandika kwenye kikundi cha kijiji, "Jamani tumwombee mzee fulani, yuko kwetu wodi ya wanaume," ameandika kwa nia njema, lakini amevunja sheria ikiwa mzee hakumruhusu.

Ruhusa hiyo, kwa mujibu wa kifungu hicho, hutolewa kwa maandishi. Bila ruhusa, habari inaweza kutolewa tu ikiwa kuna agizo la mahakama au sheria nyingine inayolazimisha, au ikiwa kunyamaza kunaleta hatari kubwa kwa afya ya umma. Ndiyo maana kipindupindu kinapozuka, idara ya afya hutangaza eneo lililoathirika na idadi ya wagonjwa ili watu wachemshe maji, bila kutangaza majina. Na tukumbuke kwamba sheria inasema hakuna mtu anayeruhusiwa kutoa habari hiyo. Haikusema daktari peke yake. Bawabu wa langoni, karani wa rekodi, anayefagia wodi, dereva wa ambulensi na mhudumu wa mochari wote wamo.

Wahudumu wachache sana hukusudia kumdhuru mgonjwa. Siri nyingi hutoka kwa ajali za kizembe. Mtu anajirekodi akicheza densi kwa ajili ya TikTok wakati wa mapumziko, na nyuma yake kuna ubao wa wodi wenye majina, nambari za vitanda na magonjwa. Mwingine anapiga picha ya keki ya siku ya kuzaliwa ya mwenzake juu ya meza ya mapokezi, na chini ya keki kuna rundo la faili. Mwanafunzi wa uuguzi anayefurahia siku yake ya kwanza ya mafunzo anajipiga picha akiwa na sare yake mpya, na kwenye kona kuna mgonjwa aliyelala bila shuka. Picha za simu za leo ni kali. Anayetaka kuzikuza ili asome jina kwenye faili ataweza.

Kuna wanaosema, "Mimi niliweka kwenye kikundi cha kazini tu, hakuna mtu wa nje." Kikundi cha watu 80 si chumba cha siri. Ni kweli WhatsApp hufunga ujumbe njiani ili mtu wa katikati asiusome, lakini ujumbe ukishafika kwenye simu 80, kila mmoja wa hao 80 anaweza kupiga picha ya skrini na kuisambaza. Wengine walishahama kituo na hawakuondolewa kwenye kikundi. Simu nyingi huhifadhi picha zenyewe, na jioni mtoto anaposhika simu ya baba kutazama katuni, anakutana na picha ya kidonda cha mtu. Simu hupotea kwenye matatu. Hupelekwa kwa fundi ikiwa imefunguliwa. Huuzwa mtumba.

Hata hivyo hatutaki mhudumu yeyote asome makala haya kisha aogope kuomba msaada. Afisa wa kliniki aliye peke yake kwenye kituo cha mbali, mbele yake mtoto aliyeungua, anafanya jambo jema anapomtumia daktari bingwa picha ya jeraha na kuuliza afanye nini. Maisha yameokolewa hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data yenyewe inaruhusu habari za afya kushughulikiwa na mhudumu wa afya au mtu aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Tofauti iko katika namna ya kufanya. Mzazi aelezwe kwamba picha inatumwa na kwa nani. Picha ionyeshe jeraha, isionyeshe uso. Filamu ya eksirei ifunikwe mahali palipoandikwa jina. Itumwe kwa daktari huyo mmoja, si kwa kikundi kizima, na jibu likishapatikana na kuandikwa kwenye faili la mgonjwa, picha ifutwe kwenye simu zote mbili. Kama kituo kina mfumo rasmi wa kuwasiliana na hospitali ya rufaa, huo utumike kwanza. Picha hiyo hiyo ikitumwa kwenye kikundi cha marafiki wa chuo na maneno "angalieni maajabu haya", hiyo si kuomba ushauri tena.

Wahudumu wa afya wa jamii wanahitaji neno lao. Mwaka wa 2023 serikali ya kitaifa na kaunti zilianza kuwapa vifaa wahudumu hawa takriban 100,000 kote nchini, zikiwemo simu za kusajili nyumba na afya ya wanaoishi humo. Kazi yao ni ngumu kuliko ya daktari kwa upande huu mmoja: wagonjwa wao ni majirani zao. Wanakutana nao kwenye chama, kanisani, msikitini na kisimani. Anachoona ndani ya nyumba yako kinaingia kwenye mfumo uliowekwa, basi. Hakiingii kwenye kikundi cha chama, wala hakiandikwi kwenye kikundi cha nyumba kumi, hata kama lengo ni kuchangisha nauli ya kumpeleka mtu hospitalini. Michango hiyo ni desturi yetu na ina faida kubwa, lakini familia yenyewe ndiyo inayoamua itangaze nini.

Sasa tujiguse wenyewe. Sisi wa afisi ya mawasiliano ya kaunti hupenda picha. Kambi ya matibabu ya bure ikifanyika, tunataka muone foleni, madaktari na viongozi waliofika. Wakati wa kuandaa toleo moja la jarida hili tulikuwa na picha nzuri mno: akina mama wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya mti, nyuso zao zinaonekana vizuri, mwanga wa asubuhi umewapiga. Mwenzetu mmoja akatuonyesha bango lililokuwa juu ya vichwa vyao. Lilisomeka kwamba ni kambi ya upasuaji wa fistula. Wanawake ambao baadhi yao huenda waliishi na aibu hiyo kwa miaka bila kumwambia mtu, tulikuwa karibu kuwatangaza kwa ugonjwa wao katika kila wadi. Hakuna jina hata moja lingetajwa. Tuliiondoa picha hiyo, na kusema kweli iliondolewa dakika za mwisho.

Tatizo jingine ni la idhini inayoombwa mahali pabaya. Mgonjwa yuko kitandani, mbele yake wamesimama kiongozi, wasaidizi wake, wapiga picha watatu na msimamizi wa hospitali. Anaulizwa, "Mama, tunaweza kukupiga picha?" Atasema nini? Anamtegemea kila mtu aliye chumbani humo. Sheria inataka idhini iwe ya hiari, mahususi, na ya mtu anayejua picha itatumika wapi. Inamruhusu pia kuiondoa idhini yake wakati wowote, na mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa uko kwa aliyechukua picha, si kwa mgonjwa. Hapa ndipo mitandao inapotutega, kwa sababu picha iliyosambazwa mara elfu mbili haiwezi kurudishwa hata aliyeiweka akitaka. Kwa mtoto, idhini ni ya mzazi au mlezi, na bado lazima iwe kwa manufaa ya mtoto mwenyewe. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inalinda faragha yake. Mtoto anayepigwa picha leo akiwa na utapiamlo atakuwa kidato cha tatu siku moja, na picha hiyo itakuwa bado inatafutika.

Adhabu si za vitisho tu. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na siku hizo hizo akakitoza kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Hapo ni shule na mahali pa burudani. Wodi ya hospitali ina data nyeti zaidi. Kwa ujumla faini ya kiutawala inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiwango kilicho cha chini kati ya hivyo viwili. Kosa la jinai chini ya sheria hiyo ambalo halikuwekewa adhabu yake mahususi linaweza kumletea mtu faini ya hadi Sh3 milioni, kifungo cha hadi miaka kumi, au vyote viwili. Aliyeumia anaweza pia kulipwa fidia, na sheria inatambua kwamba madhara si ya pesa tu. Hata dhiki ya moyo ni madhara.

Kwa mhudumu, kuna jambo linalouma kuliko faini. Daktari, muuguzi, afisa wa kliniki na mfamasia wote wana leseni kutoka kwa mabaraza na bodi zao, na hao wana mamlaka ya kuwaadhibu, pamoja na kuwasimamisha kazi hiyo waliyoisomea kwa miaka. Mwajiri naye ana hatua zake za nidhamu. Na kituo chenyewe hakiwezi kusema, "Huyo alifanya kwa simu yake, sisi hatumo," kwa sababu habari za wagonjwa ziko chini ya dhamana ya kituo. Kituo kikigundua kwamba data imetoka kwa njia inayoweza kumdhuru mgonjwa, kina saa 72 za kumwarifu Kamishna. Wenye kliniki ndogo za kibinafsi sokoni wasidhani hili haliwahusu. Kanuni za usajili zilizoanza kutumika Julai 2022 husamehe biashara nyingi ndogo, lakini hazimsamehi anayetoa huduma za afya, hata akiwa na chumba kimoja na mfanyakazi mmoja.

Kwa upande wa virusi vya HIV sheria ni kali zaidi na ya zamani zaidi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya 2006 inakataza kutoa matokeo ya mtu bila ruhusa yake isipokuwa kwa sababu chache ilizozitaja, na imeweka jopo maalum la kusikiza malalamiko ya aina hiyo. Mahakama Kuu nayo ilionyesha msimamo wake Desemba 2016, ilipoamua kwamba agizo la serikali la mwaka uliotangulia la kukusanya orodha ya wanafunzi wanaoishi na HIV lilikiuka haki yao ya faragha, ikaamuru majina yasiweze kuunganishwa na hali yao. Kama serikali nzima iliambiwa hivyo kuhusu orodha iliyofungiwa afisini, mhudumu mmoja mwenye simu atajitetea vipi?

Kinachotuhangaisha sisi kama kaunti si kesi. Ni kiti kitupu kliniki. Mtu akisikia kwamba habari za mwenzake zilitoka, haendi kulalamika. Anaacha kwenda. Mwenye kifua kikuu anachukulia dawa kaunti jirani, anashindwa na nauli, anakatiza dawa, na ugonjwa unarudi ukiwa sugu. Msichana mjamzito anaogopa kuonekana kliniki. Wengi mnakumbuka mwaka 2020, janga la korona lilipoanza, jinsi waliopona walivyotajwa na kudhihakiwa mitandaoni, na jinsi baadhi ya watu walivyoogopa kupimwa hata walipokuwa na dalili.

Kuna eneo moja ambalo wasimamizi wa vituo huteleza sana, nalo ni kujibu lawama. Familia inaandika kwenye Facebook kwamba mama yao alipuuzwa hospitalini. Watu mia mbili wanachangia hasira. Msimamizi, akijua upande wa pili wa habari, anajibu: mgonjwa aliletwa amechelewa, alikuwa na ugonjwa fulani, alikataa dawa mara mbili. Pengine yote ni kweli. Lakini amefungua faili la mgonjwa mbele ya dunia ili kujitetea. Haijalishi kwamba familia ndiyo iliyoanza. Walichosema wao hakimpi msimamizi ruhusa ya kuongeza. Jibu linalokubalika ni fupi na halipendezi kuliandika: tumesikia, hatuwezi kuzungumzia matibabu ya mtu hadharani, tafadhali fikeni kwa msimamizi tuketi, na uchunguzi utafanywa. Wakazi, mkiona jibu kama hilo msidhani kituo kinaficha. Huenda kinaitunza siri ya mama yenu.

Na hapa tuseme wazi jambo ambalo baadhi ya wakubwa wasingependa tuliseme. Siri tunayoizungumzia ni ya mgonjwa. Si ya afisi. Muuguzi anayesema kwamba kituo chake hakina glavu, kwamba jenereta haifanyi kazi, au kwamba akina mama wawili wanalala kitanda kimoja, hajavunja faragha ya mtu yeyote maadamu hakuonyesha mgonjwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamlinda mtu anayetoa habari kwa manufaa ya umma asiadhibiwe kwa sababu hiyo. Tunamshauri aanze na mkuu wa kituo, kamati ya usimamizi wa kituo na idara ya afya, kwa sababu huko ndiko glavu zitakapotoka. Lakini sheria ya faragha isigeuzwe kuwa kufuli la kufungia midomo ya wafanyakazi. Picha ya rafu tupu ya dawa si sawa na picha ya mgonjwa anayeisubiri dawa hiyo, na kila msimamizi anapaswa kujua tofauti hiyo kabla ya kuandika barua ya onyo.

Nanyi wakazi hamko nje ya haya. Katiba inasema haki zake zinamfunga kila mtu. Anayekwenda kumwona mgonjwa wake na kurekodi video ya wodi nzima "ili watu waone hali" amewarekodi pia wagonjwa wengine waliolala hapo bila nguvu ya kujifunika. Ukitaka kuonyesha hali ya choo au paa, onyesha choo au paa. Ajali ikitokea barabarani, majeruhi na marehemu huanza kuzunguka kwenye vikundi kabla ya familia kupigiwa simu. Kuna wazazi waliopata habari ya kifo cha mtoto wao kwa njia hiyo. Msimpigie pia mhudumu mnayemfahamu kumuuliza, "Fulani anaumwa nini hasa?" Mnampa mtihani asiostahili. Na mnaponunua ushauri wa matibabu kwa mtu anayejiita daktari kwenye TikTok au Facebook, fahamuni kwamba Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) lina orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake, na mnaweza kutafuta jina lake kabla ya kumtumia pesa au picha za mwili wenu.

Ikiwa ni habari yako iliyotolewa, usianze kwa kugombana kwenye maoni, kwa sababu utaisambaza zaidi. Hifadhi ushahidi kwanza: picha ya skrini inayoonyesha jina la ukurasa au nambari ya simu, tarehe, na saa. Andika majina ya walioiona kabla haijafutwa. Kisha umwombe aliyeiweka, au msimamizi wa kikundi, aiondoe. Nenda kwa mkuu wa kituo na upeleke lalamiko. Sheria ya Afya inakupa haki ya kulalamika kuhusu ulivyohudumiwa na ya lalamiko lako kuchunguzwa. Liandike, hata kama ni kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo utakusaidia baadaye kuliko maneno mengi.

Usiporidhika, au ukihofia kituo hakitajichunguza, nenda moja kwa moja kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Huhitaji wakili. Lalamiko linaweza kutolewa kwa maandishi au kwa mdomo, na likiwa la mdomo ni wajibu wa afisi hiyo kuliandika. Sheria inataka lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Kuhusu mwenendo wa daktari, andikia KMPDC. Kuhusu muuguzi, Baraza la Wauguzi la Kenya. Kuhusu afisa wa kliniki, baraza lao. Kama ni picha ya faragha ya mwili wako iliyosambazwa, hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, na unaweza kupiga ripoti katika kituo cha polisi. Kudai fidia mahakamani ni njia nyingine iliyo wazi, ingawa ni ya polepole na ya gharama, na wengi hupata nafuu mapema zaidi kwa Kamishna.

Mwisho, linalotuhusu sisi. Ukiona picha yako au ya mtoto wako akiwa mgonjwa katika jarida hili au kwenye kurasa za kaunti, na hukukubali, au ulikubali lakini sasa umebadilisha nia, fika katika afisi ya msimamizi wa wadi yako au afisi ya mawasiliano katika makao makuu ya kaunti ukiwa na toleo lenyewe au picha ya skrini. Hutaulizwa sababu.